Nyongo Ikiambukizwa: Upasuaji wa Matundu Madogo na Hesabu ya Siku kwa Mkazi wa Bura

Maumivu ya tumbo ni malalamiko ya kila siku katika vituo vya afya, na majibu yake yamezoeleka: vidonda vya tumbo, taifodi, malaria, amiba. Mara nyingi majibu hayo huwa sahihi. Lakini yapo maumivu mengine yanayokaa chini ya mbavu za upande wa kulia, yanayokuja na homa na kutapika, na ambayo dawa ya asidi haiyatulizi. Hayo yanaweza kuwa ya kifuko cha nyongo kilichoziba na kuambukizwa.

Ugonjwa huu una tiba ya kuumaliza kabisa, nayo ni kukitoa kifuko hicho. Siku hizi kazi hiyo hufanywa kwa matundu madogo manne badala ya kupasua tumbo. Upasuaji huo huwa mwepesi na salama zaidi ukifanywa siku za mwanzo za ugonjwa, na kwa mkazi wa Bura siku hizo ndizo hupotea kwa urahisi zaidi, kati ya nyumbani, duka la dawa na barabara.

Kifuko chenyewe na mawe yake

Aliyewahi kuchuna mbuzi au kutengeneza kuku anakijua kifuko hiki. Ni kile kijifuko cha kijani kilichoshikamana na ini, ambacho mpishi hukiondoa kwa uangalifu kwa sababu kikipasuka nyama yote huwa chungu. Binadamu naye anacho, chini ya ini, upande wa kulia, nyuma ya ncha za mbavu. Maji yake machungu ndiyo nyongo. Nyongo hutengenezwa na ini, kati ya nusu lita na lita moja kwa siku, na kazi yake ni kusaidia mwili kusaga mafuta ya chakula. Kifuko huihifadhi tu na kuikoleza, kiasi cha vijiko vitatu hivi vya mezani. Mtu anapokula pilau au nyama yenye mafuta, kifuko hujikaza na kuisukuma nyongo kwenye utumbo kupitia mrija mwembamba.

Wengi huuliza mtu ataishije bila kiungo alichoumbwa nacho. Wafugaji wa Tana River wana jibu zizini. Ngamia hana kifuko cha nyongo, wala punda hana, na wote wawili hula na kubeba mizigo maisha yao yote. Ini lao hutiririsha nyongo moja kwa moja hadi kwenye utumbo. Ndivyo inavyokuwa kwa binadamu aliyetolewa kifuko: ini linaendelea na kazi yake, kilichoondoka ni ghala tu.

Tatizo huanzia ghalani humo. Nyongo ikikaa na kukolea kupita kiasi, chembe zake hugandamana zikawa vijiwe, vingine vidogo kama mchanga, vingine vikubwa kama kokwa ya tende au zaidi. Mawe mengi hutokana na kolesteroli. Wanawake huyapata zaidi kuliko wanaume, hasa waliozaa mara kadhaa, kwa kuwa homoni za ujauzito hulegeza kifuko na kuongeza kolesteroli ndani ya nyongo. Umri mkubwa, unene, kisukari na kupungua uzito kwa haraka pia huongeza uwezekano.

Ipo aina nyingine ya mawe inayowahusu sana watu wa Pwani. Ni mawe meusi yanayotokana na mabaki ya chembe nyekundu za damu zinazovunjika mapema, kama inavyotokea kwa mwenye ugonjwa wa selimundu. Selimundu huonekana zaidi katika jamii zilizoishi na malaria kwa vizazi vingi, na Pwani ya Kenya ni mojawapo ya sehemu hizo. Kwa hiyo mtoto au kijana mwenye selimundu anayelalamika maumivu chini ya mbavu za kulia asichukuliwe kila mara kuwa amepatwa na yale maumivu yake ya kawaida ya mifupa na tumbo. Anaweza kuwa na mawe ya nyongo akiwa bado yuko shule ya msingi.

Hata hivyo, wengi wenye mawe haya hawaumwi kamwe. Mama mjamzito anaweza kupigwa picha ya ultrasaundi ya mtoto, na mawe yakaonekana kwa bahati. Kama hayamsumbui, kwa kawaida hakuna sababu ya kupasuliwa. Anachohitaji ni kuzijua dalili, ili siku mambo yakibadilika asipoteze muda kukisia.

Mambo hubadilika jiwe linapokwama kwenye shingo ya kifuko. Nyongo hukosa njia ya kutoka, kifuko hujaa na kukazika, ukuta wake huvimba, kisha vijidudu kutoka utumboni huanza kuzaliana ndani yake. Kikiachwa, kinaweza kujaa usaha, ukuta ukafa kwa kukosa damu, na mwisho kikapasuka na kumwaga uchafu tumboni. Hapo ugonjwa si wa kifuko tena, ni wa mwili mzima, na huua.

Maumivu ya namna gani?

Jiwe linalokwama kwa muda kisha likajiondoa huleta maumivu makali yanayopanda, yanayokaa, halafu yanayoisha yenyewe baada ya saa moja hadi saa chache. Mara nyingi huja jioni au usiku, baada ya chakula chenye mafuta. Mgonjwa hulala vizuri, asubuhi anaamka mzima na kusahau. Hiyo ni ishara ya mapema, na ndiyo nafasi nzuri kuliko zote ya kwenda kupimwa, kwa sababu hakuna maambukizi bado na upasuaji unaweza kupangwa kwa utulivu.

Maumivu yanayopita saa sita bila kuachia ni jambo lingine. Yakiandamana na homa, kutetemeka au kutapika, na mtu akashindwa kuvuta pumzi ndefu kwa sababu ya kuchomwa chini ya mbavu za kulia, basi huenda kifuko kimeambukizwa. Wengine huyasikia mgongoni au kwenye bega la kulia. Daktari ana njia rahisi ya kupima, iliyopewa jina la daktari mpasuaji wa Marekani, John B. Murphy. Huweka vidole chini ya mbavu za kulia na kumwambia mgonjwa avute pumzi. Kifuko kilichovimba kikigusa vidole, mgonjwa hukata pumzi katikati kwa uchungu.

Wazee na wenye kisukari wanahitaji kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa maana kwao homa inaweza isipande sana na maumivu yakawa hafifu, huku ndani kifuko kinaoza. Macho yakigeuka manjano, mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi na choo kikawa cheupe, jiwe huenda limeingia kwenye mrija mkuu wa nyongo. Hiyo ni dharura kubwa zaidi, na si kila macho ya manjano ni homa ya ini.

Dalili hizi hufanana na za magonjwa mengine. Jipu la amiba kwenye ini huumiza mahali pale pale. Nimonia ya chini ya pafu la kulia, kidonda cha tumbo kilichotoboka na hata mshtuko wa moyo vinaweza kudanganya. Kipimo cha Widal kinachotumiwa sana kutafuta taifodi hakitoshi peke yake kuithibitisha, na mtu anaweza kuonyeshwa karatasi ya taifodi huku nyongo yake ndiyo inayougua. Kinachoamua ni uchunguzi wa mwili, kipimo cha damu na ultrasaundi, mashine ile ile wanayopimwa wajawazito. Huonyesha mawe, unene wa ukuta wa kifuko na maji yaliyokizunguka, na haina sindano wala miale ya hatari.

Siku tano zinavyopotea

Chukulia mfano wa mama wa miaka 42 katika kijiji kimoja cha skimu ya Bura. Alhamisi usiku, baada ya karamu ya harusi, anashikwa na maumivu. Ijumaa anatuma mtoto duka la dawa. Muuzaji anasema, "Mwambie mama hizo ni alsa," na kumpa dawa ya asidi na vidonge vya maumivu. Maumivu yanapungua kidogo, homa inapanda. Jumamosi jirani anashauri dawa ya malaria, na mzee wa familia anapendekeza achomwe moto mbavuni kama walivyofanyiwa wa zamani. Jumapili anataka kwenda hospitalini, lakini mumewe yuko malishoni na simu haipatikani, na shemeji anaona ni vyema asubiriwe. Jumatatu anapelekwa kwa bodaboda hadi kituo cha afya. Afisa wa kliniki anatambua hali, anamwekea maji na antibayotiki na kuandika barua ya rufaa. Jumanne anafika Hola kupigwa picha. Hiyo ni siku ya tano, na daktari mpasuaji bado hajamwona.

Hakuna katika familia hiyo aliyemtakia mama mabaya. Kila mmoja alitoa ushauri alioujua. Ila ndani ya mwili mambo yalikuwa yakienda kwa ratiba yake. Siku mbili tatu za kwanza, uvimbe wa kifuko ni wa majimaji, na tabaka zake huachana kwa urahisi mikononi mwa mpasuaji. Baadaye sehemu za ukuta huanza kufa, na wiki zikipita kovu hukishikanisha kifuko na ini, utumbo na mirija jirani. Mkulima wa Bura anaujua udongo mweusi wa skimu. Ukiwa na unyevu jembe linaingia, ukikauka unakuwa kama tofali. Mpasuaji anayefika mapema analima udongo wenye unyevu.

Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa Tokyo, uliofanyiwa marekebisho mwaka 2018, unahesabu dalili zilizopita saa 72 kuwa moja ya alama za ugonjwa wa kiwango cha kati, sawa na chembe nyeupe za damu kupita 18,000. Hii haina maana kwamba aliyechelewa afungiwe mlango. Mwongozo huo huo unaruhusu upasuaji wa matundu hata baada ya muda huo, mradi mgonjwa anaweza kuustahimili na mpasuaji ni mzoefu. Uingereza inaelekeza ufanywe ndani ya wiki moja tangu ugonjwa utambuliwe. Aliyefika siku ya tano bado ana nafasi. Lakini mama yule yule, kama angepelekwa kituo cha afya Ijumaa asubuhi, angefika na nafasi pana zaidi.

Kuhusu ruhusa ya mume, sheria iko wazi. Mtu mzima mwenye akili timamu hutia saini mwenyewe fomu ya kukubali upasuaji. Kumjulisha mume ni heshima, na kila mtu anaielewa. Lakini safari ya kwenda hospitalini haihitaji kumsubiri.

Kwa nini wengine huambiwa "tulia kwanza"

Wapo wagonjwa waliolazwa, wakapewa antibayotiki, wakaruhusiwa na kuambiwa warudi baada ya wiki sita kufanyiwa upasuaji. Ushauri huo una historia yake. Kifuko cha nyongo kilitolewa kwa mara ya kwanza na Carl Langenbuch mjini Berlin mwaka 1882, kwa kupasua tumbo, na kwa miaka mia moja hiyo ndiyo ilikuwa njia pekee. Tarehe 12 Septemba 1985 Mjerumani mwingine, Erich Mühe, alikitoa kwa kupitisha vifaa kwenye matundu, na mwaka 1987 Philippe Mouret akafanya hivyo mjini Lyon, Ufaransa. Njia hiyo ikaenea duniani kwa miaka michache tu. Mwanzoni wapasuaji waliogopa kuitumia kwenye kifuko kilichoambukizwa, kwa kuwa damu ni nyingi na mirija haionekani vizuri, hivyo wakapendelea kutuliza moto kwanza.

Ushahidi uliofuata umebadilisha mawazo hayo. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliohusisha wagonjwa 618 katika hospitali 35, nyingi zikiwa za Ujerumani. Nusu walifanyiwa upasuaji wa matundu ndani ya saa 24 tangu wafike hospitalini. Nusu nyingine walitulizwa kwa antibayotiki na kupasuliwa baadaye. Katika kundi la kwanza, karibu wagonjwa 12 katika kila 100 walipata madhara. Katika kundi la pili walikuwa 34. Waliowahi walilala hospitalini wastani wa siku 5.4, na waliosubirishwa siku 10. Gharama yao pia ilikuwa ndogo.

Kwa familia inayolipia nauli, chakula na malazi ya anayemwuguza, tofauti hiyo ya siku ni pesa halisi. Kusubiri wiki sita kuna hatari nyingine ambayo hospitali ya Ujerumani haiwezi kuijua: msimu. Mafuriko ya Novemba 2023 na yale ya Aprili 2024 yalikata barabara kati ya Madogo na Garissa. Mgonjwa aliyeahidiwa kitanda baada ya wiki sita anaweza kukuta mto umechukua njia, na jiwe likakwama tena katikati ya mafuriko.

Antibayotiki hazidharauliwi. Ni sehemu ya tiba tangu saa ya kwanza, pamoja na maji ya mshipa na dawa ya maumivu. Zinapunguza vijidudu. Jiwe haziliondoi.

Wala haliondolewi na mafuta ya zeituni yaliyochanganywa na maji ya limau, mapishi yanayosambazwa sana kwa simu. Anayeyanywa hutoa chooni vidonge vya kijani na kuamini ametoa mawe. Mwaka 2005 madaktari wa New Zealand waliandika katika jarida la Lancet kuhusu vidonge hivyo baada ya kuvipima. Vilikuwa aina ya sabuni iliyotengenezwa tumboni na mafuta yale yale, na mawe ya mgonjwa yalikuwa bado yamo kifukoni.

Ndani ya chumba cha upasuaji

Mgonjwa hulazwa kwa nusukaputi. Hasikii wala hajui kinachoendelea, na mashine humsaidia kupumua. Mpasuaji hukata tundu la kama sentimita moja karibu na kitovu na kupulizia hewa ya kaboni, ile ile ambayo kila mtu huitoa anapopumua. Tumbo huinuka kama hema, ukuta ukaachana na utumbo, na nafasi ya kufanyia kazi ikapatikana. Hewa hiyo huchaguliwa kwa sababu haishiki moto, na kinachobaki mwilini huingia kwenye damu na kutoka kwa pumzi. Kupitia tundu hilo huingizwa kamera nyembamba yenye taa, na picha huonekana kwenye televisheni ikiwa imekuzwa. Matundu mengine matatu, mengi yake ya nusu sentimita tu, hufunguliwa chini ya mbavu kwa ajili ya vifaa virefu vya kushika na kukata.

Kifuko kilichoambukizwa huwa kimekazika kama mpira uliojaa upepo na hakishikiki. Mara nyingi mpasuaji hulazimika kukitoboa kwa sindano na kufyonza nyongo au usaha kwanza. Kisha huja sehemu ngumu kuliko zote, ambayo mgonjwa haambiwi mara nyingi. Karibu na shingo ya kifuko hupita mrija mkuu unaotoa nyongo yote ya ini. Ukikatwa kwa bahati mbaya, mgonjwa anaweza kuhitaji upasuaji mwingine mkubwa na kusumbuliwa kwa miaka. Jambo hilo hutokea kwa wagonjwa wachache tu katika kila 1,000, lakini uzito wake ni mkubwa. Kwa hiyo wapasuaji hufuata kanuni iliyoelezwa mwaka 1995 na Steven Strasberg: usikate chochote mpaka umesafisha mafuta na utando wote, na macho yako yameona vitu viwili tu vikiingia kwenye kifuko, mrija wake na mshipa wake wa damu.

Vikishaonekana, hubanwa kwa vibanio vidogo vya titani na kukatwa. Vibanio hivyo hubaki mwilini maisha yote bila madhara ya kawaida. Kifuko hubanduliwa kutoka kwenye ini kwa joto la umeme, hutiwa ndani ya mfuko mdogo na kutolewa kupitia tundu la kitovu. Hewa hutolewa, matundu hushonwa. Kazi huchukua kama saa moja au mbili, na kifuko chenye maambukizi kinaweza kuzidisha hapo.

Mara nyingine mpasuaji hufika na kukuta kila kitu kimeshikana, hivyo viwili havionekani. Hapo anaweza kutoa sehemu ya kifuko na kuacha ile iliyogandana na mrija mkuu, au kufungua tumbo kwa njia ya zamani. Familia hukasirika ikiona mgonjwa aliyeahidiwa matundu ametoka na mshono mrefu. Mpasuaji aliyefanya hivyo hajashindwa. Ameuona mrija mkuu uko hatarini akachagua usalama, na ni vizuri ndugu waelezwe uwezekano huo kabla ya kutia saini.

Mgonjwa aliye dhaifu mno kwa nusukaputi anaweza kwanza kuwekewa mpira mwembamba kupitia ngozi hadi kwenye kifuko ili usaha utoke. Mjamzito naye anaweza kufanyiwa upasuaji wa matundu. Miezi ya kati ya mimba ndiyo rahisi zaidi, na kumwacha na maambukizi ni hatari kwake na kwa mtoto.

Kutoka Bura kwenda wapi

Safari huanzia kituo cha afya kilicho karibu. Huko mgonjwa hupewa maji ya mshipa, antibayotiki na dawa ya maumivu, na kuandikiwa rufaa. Hospitali ya Rufaa ya Kaunti iko Hola. Kutoka Bura barabara pia inaelekea Garissa kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine hupita Hola na Garsen hadi Malindi, Kilifi na Mombasa. Nairobi, hospitali kama Kenyatta na Aga Khan hufanya upasuaji huu wa matundu.

Upasuaji wa kamera unahitaji mashine, hewa, mtaalamu wa nusukaputi na mpasuaji aliyezoea, vyote siku moja. Kwa hiyo kabla gari halijawashwa, familia imwombe afisa anayeandika rufaa apige simu kule mgonjwa anakopelekwa na kuuliza maswali mawili: mpasuaji yupo? Na kamera inafanya kazi? Simu hiyo inaweza kuokoa siku nzima ya kuzunguka. Jibu likiwa kwamba kamera haipo lakini mpasuaji yupo, na mgonjwa anazidi kudhoofika, upasuaji wa wazi leo ni bora kuliko matundu wiki ijayo. Kifuko kinachooza hakisubiri mashine.

Mgonjwa asile wala kunywa chai njiani bila kuuliza, kwa sababu tumbo lenye chakula huchelewesha nusukaputi. Pakiti za dawa zote alizomeza, zikiwemo za mitishamba, zibebwe. Anayeandamana naye awe mtu anayejua historia yake, na mmoja wa ndugu wenye damu nzuri awe tayari kuchangia ikihitajika.

Kuhusu malipo, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Usajili hufanywa kwa simu kwa kubonyeza *147# au kwa msaada katika kituo cha afya. Mchango ni asilimia 2.75 ya mapato ya kaya, na haupungui shilingi 300 kwa mwezi, yaani shilingi 3,600 kwa mwaka. Kujisajili peke yake humwezesha mtu kupata huduma za msingi, lakini kulazwa na kupasuliwa hugharamiwa na mfuko unaohitaji mchango uliolipwa. Wengi hugundua tofauti hiyo wakiwa kwenye dirisha la hospitali. Na hata asiye na chochote mfukoni ana haki moja isiyotegemea kadi: Katiba ya 2010, Kifungu cha 43(2), inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura.

Baada ya upasuaji

Wengi waliofanyiwa kwa matundu hutembea siku hiyo hiyo au ya pili, na hurudi nyumbani baada ya siku moja hadi tatu. Maumivu ya bega siku za mwanzo huwashangaza watu. Husababishwa na mabaki ya ile hewa, na huisha yenyewe. Kazi nyepesi huwezekana baada ya wiki moja au mbili. Kubeba mitungi ya maji, magunia ya mpunga au kuinua ndama kusubiri mpaka daktari aruhusu. Aliyepasuliwa kwa njia ya wazi huhitaji kama wiki nne hadi sita.

Chakula hurudi polepole. Baadhi huharisha wakila mafuta mengi wiki za kwanza, kwa kuwa ghala halipo na mwili unazoea. Baada ya muda wengi hula kama zamani, maziwa na nyama vikiwemo.

Homa mpya, macho ya manjano, tumbo linalozidi kuuma badala ya kupungua, au maji ya kijani au usaha kwenye kidonda, ni sababu ya kurudi hospitalini siku hiyo hiyo, hata usiku. Mishono ya nje, kama si ya uzi unaoyeyuka wenyewe, inaweza kutolewa katika kituo cha afya karibu na nyumbani bila kusafiri tena hadi hospitali ya rufaa. Mgonjwa aende na barua ya kuruhusiwa, maana humo ndimo mlimoandikwa kama kifuko kilitoka chote au sehemu yake, na kama kuna majibu ya maabara yanayosubiriwa.